Shemeji Aliyehamisha Jumapili

Mungu alipanga siku saba, akaona ni njema, akapumzika. Shemeji yangu Lazarus aliziangalia, akaona zina kasoro, akazipanga upya!

Simsingizii. Mwaka jana, kwa muda wa siku tisa nzima, ukifungua tovuti ya kanisa letu hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, ungekuta Jumapili imehamia kwa Jumatatu, Jumamosi imekalia kiti cha Jumapili, na Alhamisi inatembea tembea tu kama mbuzi aliyekata kamba. Wafalme wamepigana vita miaka mia na hawajaweza kusogeza hata Jumanne moja. Lazarus aliisogeza wiki nzima akiwa amevaa malapa.

Lazarus ni mume wa dada yangu Linah. Kazi yake ni karani katika duka la mbolea mjini, lakini alisoma kompyuta wiki sita, na cheti chake amekipiga laminate akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Ukimwita Lazarus haitiki vizuri. Ukimwita Injinia, anaitika kabla hujamaliza.

Alipojitolea kulitengenezea kanisa tovuti, Mchungaji Muchiri alifurahi mpaka akaitangaza madhabahuni. Kuanzia siku hiyo Mchungaji aliisifu tovuti hiyo kila ibada, na sidhani kama aliwahi kuifungua.

"Mambo ya kupigia watu simu mmoja mmoja ni ya zamani," Lazarus alitangaza. "Sasa tuko na kalenda. Mtu anaangalia kalenda, anajua siku, anakuja. Kwisha!"

Kalenda yenyewe ilikuwa plagini, yaani kipande cha programu unachobandika kwenye tovuti kama kiraka kwenye suruali. Na tukio la kwanza kubwa kuwekwa humo lilikuwa letu.

Baba yetu, Mzee Murunga, alikuwa ametimiza karibu mwaka mmoja tangu Bwana amwite. Tulikuwa tumepanga ibada ya kumbukumbu nyumbani, kijijini Ziwa, Jumamosi tarehe sita Septemba, saa nne asubuhi, ili tufunue jiwe la kaburi. Mama hakuwa na madai mengi. Hakutaka keki, hakutaka fulana zenye picha. Alitaka kitu kimoja tu: kwaya ya Sugoi.

Kwaya hiyo Baba ndiye aliyeianzisha, miaka ile alipokuwa fundi wa mbao huko. Aliwatungia wimbo mmoja ambao haujaandikwa popote. Uko vichwani mwao tu. Siku ya mazishi mvua ilikata barabara, hawakufika, na Baba akazikwa kwa nyimbo za watu wengine. Mama hakulalamika. Lakini tangu siku hiyo alisema, "Wakimwimbia wimbo wake, nitalala."

Kwa hivyo mnaelewa. Kalenda ya Lazarus ilikuwa imebeba usingizi wa mama yangu.

Katikati ya mwezi wa nane akaiweka. Nilifungua simu nikaona: 09/06/2025.

Haikupita siku moja kabla simu hazijaanza.

"Nasike mwanangu, poleni sana," alisema shangazi yangu Nanzala. "Nimeona kumbukumbu ya kaka yangu ilikuwa tarehe tisa mwezi wa sita, na hakuna aliyeniambia! Nimewakosea nini?"

"Senje, bado. Ni Septemba."

"Mbona hapa imeandikwa Juni?"

Kumbe kile kiraka kilitoka Amerika, na Waamerika hutanguliza mwezi kabla ya siku, kama mtu anayevaa viatu halafu soksi. Ukoo mzima ulisoma tarehe tisa Juni. Wengine walilia. Wengine walituma pole. Lakini baba mdogo Sifuna, anayekaa Langas, yeye alitupita wote.

"Ile ibada ya Juni ilikuwa nzuri sana," aliniambia kwa simu. "Nilikuwa pale nyuma."

"Bamdogo, ulikuja?"

"Nikose kumbukumbu ya ndugu yangu? Nilikuja! Mahubiri yalinigusa."

"Na nyama?"

"Laini!"

"Bamdogo, hiyo ibada haijafanyika. Ni Septemba."

Nilisikia kuku wake wakilia huko Langas.

"Basi," akasema, "nitakuja tena."

Mama aliposikia watu wanadhani kumbukumbu imepita, aliweka chini sufuria. "Mwambieni huyo kijana aondoe huo upuzi leo leo!"

Hapo sasa ndipo taabu yetu ilipoanza. Kwetu sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo. Hawashikani mikono, hawaketi karibu, na wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kwenye mahindi. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa ya Linah, Mama hakuwahi kumwambia Lazarus neno moja kwa moja. Akitaka kumwambia kitu, ananiambia mimi, mimi namwambia Linah, Linah anamwambia mumewe.

Na Linah, dada yangu, ana moyo wa siagi. Ujumbe ukipita kwake unalainika.

"Mama anasema aondoe upuzi," nilimwambia Linah.

Linah akamgeukia mumewe. "Mpenzi, Mama amependa sana. Anauliza tu kama unaweza kuiboresha kidogo."

Lazarus akatabasamu kama mtu aliyeongezewa cheo. "Mwambie Mama asiwe na shaka. Injinia yuko kazini."

Akafungua laptop yake, ile ambayo betri ilishakufa na inaishi kwa waya kama mgonjwa wa hospitali. Akaingia kwenye mipangilio. Akakuta kisanduku kimeandikwa herufi chache: m/d/Y.

"Hii ndiyo shida, shem," aliniambia. "Hii kompyuta inaongea Kizungu. Mimi nitaifundisha Kiswahili."

"Shem, una uhakika?"

"Nasike, mimi na wewe nani ana cheti?"

Akafuta. Akaandika kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja: SIKU/MWEZI/MWAKA. Akabonyeza kuhifadhi. Akaegemea kiti, akaunganisha mikono kisogoni.

Asichokijua Injinia ni kwamba katika kisanduku kile karibu kila herufi ni amri. Ukiandika M, kompyuta inaleta jina la mwezi. Ukiandika W, inaleta namba ya wiki. Ukiandika U, basi inahesabu sekunde zote tangu mwaka wa sabini! Yeye alidhani ameandika maneno matatu. Kompyuta ikaona amri kumi na moja, na kwa kuwa ni mtumwa mtiifu, ikajitahidi kuzitii zote.

Asubuhi yake kumbukumbu ya baba yangu ilikuwa tarehe hii:

th0K1757142000/Sep36E108000/Sep36AMKAM

Niliisoma mara tatu. Mara ya nne niliisoma nikiwa nimekaa.

Binamu yangu Tyson aliijaribu ile namba ndefu kwenye simu, akaambiwa mteja hapatikani. Lakini Mama Priscah, kiongozi wa kundi la maombi, yeye hakuona namba ya simu. Yeye aliona "Sep36", akashika kichwa.

"Septemba thelathini na sita!" alipaza sauti kwenye ibada ya asubuhi. "Wapendwa, Septemba ina siku thelathini! Hizi sita zimetoka wapi? Nani ameziongeza? Tunajua ni nani!"

"Tunajua!" kundi likaitika.

Wakatangaza mfungo wa siku tatu. Dada kumi na wawili walikaa bila chakula, wakikemea siku sita za ziada zirudi zilikotoka. Lazarus naye alifunga! Alikaa mstari wa mbele akikemea kwa sauti kuliko wote, akiipiga ngumi hewa, na hakumwambia mtu kwamba yule adui anayefukuzwa yuko nyumbani kwake, kwenye meza, amechomekwa kwa waya.

Mama aliponiuliza imekuwaje nilimwonyesha simu. Akaisogeza karibu na macho.

"Hii ndiyo siku ya mume wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie arudishe ile ya Waamerika."

Mimi kwa Linah: "Mama amesema arudishe ya kwanza."

Linah kwa mumewe: "Mpenzi, Mama anasema hii ya pili ina mambo mengi, lakini anaona una kipaji."

Siku ya tatu ya mfungo, kwa njaa au kwa neema, Lazarus akapata video ya Mhindi mmoja anayeeleza zile herufi. Akaandika j F Y, akaongeza l mbele yake ili jina la siku lionekane. Na ajabu! Ikatokea: Saturday, 6 September 2025. Safi kabisa! Mama Priscah alishukuru kwamba adui ameshindwa. Lazarus alisema "Amina" kwa sauti ya mtu aliyemshinda huyo adui yeye mwenyewe.

Nilimwonyesha Mama. Akaguna kwa kuridhika.

"Sasa iko sawa. Mwambie asiguse tena. Asiguse! Hata akipita karibu na hiyo mashine aangalie pembeni."

Nikamwambia Linah neno kwa neno. Nikamshika bega. "Linah, tafadhali. Asiguse."

"Nimesikia."

Baadaye nilimuuliza ujumbe ulifikaje, akaanza kucheza na ncha ya leso. "Sasa, Nasike, ningemwambiaje mume wangu kwamba mama yangu anamkataza kitu? Si ataona hapendwi? Nilimwambia Mama amefurahi, imebaki kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Sikusema. Nilisema tu kidogo."

Mwambie mtu kama Lazarus kwamba imebaki kidogo, ni kama kumpa mbuzi ufunguo wa shamba. Akaitazama ile tarehe, akaona neno Saturday. Akakunja uso. "Mama ni mtu wa Kiswahili. Hii Saturday inamsumbua."

Akarudi kwenye mipangilio. Akapata ukurasa wenye visanduku saba vitupu, cha kwanza mpaka cha saba, vya kuandikia majina ya siku. Sasa jamani, hapa simlaumu sana. Mtoto yeyote wa Kiswahili akiulizwa siku ya kwanza ni ipi atajibu Jumamosi, kwa sababu mosi ni moja. Siku ya pili ni Jumapili. Ya tatu, Jumatatu. Jina lenyewe linajihesabu! Kwa hivyo Injinia alijaza visanduku kwa ufasaha wa hali ya juu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Lakini kile kiraka huanza kuhesabu wiki kwa siku ya kwenda kanisani. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha Jumapili!

Hivyo ndivyo wiki ilivyohama. Na ile Jumamosi yetu, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho mstarini, ikapata jina la mwisho. Tovuti ikatangaza: Ijumaa, 6 September 2025.

Hakuna aliyeona. Sisi hatukuangalia, tulijua siku yetu. Watu wa kanisani walitangaziwa madhabahuni. Mchungaji aliendelea kuisifu bila kuifungua. Katika dunia nzima ya Mungu, watu waliotegemea ile kalenda walikuwa kwaya ya Sugoi peke yao, kwa sababu Lazarus alikataza wasipigiwe simu. Aliwatumia anwani ya tovuti na neno moja: "Angalieni huko."

Ijumaa asubuhi, tarehe tano, mimi nilikuwa nafua mablanketi ya wageni. Mama alikuwa anatoka kukamua, gumboot miguuni, ndoo mkononi, kitambaa kimeenda upande. Fahali wa kesho alikuwa hai, anakula majani bila wasiwasi. Hema haikuwepo. Hata viti havikuwepo.

Lori la mahindi likaingia uani likipiga honi.

Likafunguliwa nyuma, wakashuka watu ishirini na watatu wamevaa majoho ya zambarau, makapi ya mahindi yamewashika mabegani. Joyline, kiongozi wao, aliruka chini wa kwanza, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama, tumefika! Hema iko wapi?"

Mama aliweka ndoo chini polepole. "Hema ni kesho, mwanangu."

"Kesho? Mama, si ni Ijumaa?" Akatoa simu. "Ona. Ijumaa, sita Septemba."

"Leo ni tano," nikasema.

Joyline akatazama simu. Akanitazama mimi. "Kwani mtu huangalia tarehe? Tarehe ni ya benki na wafungwa. Sisi tunajua siku!"

"Basi mlale," nilisema haraka. "Mlale hapa, kesho muimbe."

Akashusha macho. "Kesho tuna harusi Moi's Bridge, Nasike. Tumeahidi tangu mwezi wa nne. Bibi harusi ni sauti yetu ya kwanza."

Mvua mwaka uliopita, na mwaka huu Lazarus! Nikamtazama Mama. Nilidhani atakaa chini.

Mama alikuwa anatazama yale majoho.

"Wimbo wake mnaukumbuka?" aliuliza.

"Mama, tungeusahau vipi?"

"Basi twendeni. Ngojeni nivue gumboot." Akainama, akashika moja, kisha akaiacha. "Ah, wacheni. Mzee alinijua na gumboot."

Tukaenda kaburini kupitia kwenye mahindi, watu ishirini na watatu wa zambarau, dereva wa lori, Mama, na mimi na sabuni mpaka kwenye viwiko. Jiwe lilikuwa limefunikwa shuka likisubiri kesho. Joyline akatoa sauti, wakaanza.

Sitaeleza wimbo ule. Nitasema tu kwamba ubeti wa pili Mama aliingia na sauti ya tatu, na hakuna aliyejua kwamba anaijua. Kumbe Baba aliutunga akiwa jikoni, Mama akiwa pale, miaka arobaini iliyopita. Wakauimba mara tatu. Hakukuwa na maikrofoni, hakukuwa na mtu wa itifaki. Walipomaliza, Mama aliwapikia chai kwa maziwa yote ya asubuhi hiyo, na usiku ule alilala mpaka majogoo wakachoka.

Jumamosi sasa! Hema mbili, watu mia tatu, Mchungaji Muchiri katika koti jeusi. Na Lazarus, msimamizi wa sherehe, suti ya bluu, tai nyekundu, maikrofoni ameishika kama fimbo ya enzi. Alikuwa amefika kutoka mjini asubuhi hiyo hiyo, na Linah, kwa ule moyo wake wa siagi, hakuwa amepata namna laini ya kumwambia yaliyotokea.

"Na sasa," alinguruma, "kwa hisani ya kalenda ya kidijitali, moja kwa moja kutoka Sugoi, karibisheni kwaya!"

Watu wakapiga makofi. Wakageuka. Akapita kuku.

"Kwaya ya Sugoi, jitokezeni!"

Linah akamwendea mbio, akamnong'oneza sikioni, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, nadhani hakulainisha kitu. Niliona rangi ya shemeji ikibadilika. Lakini mtu mwenye cheti haanguki hivi hivi!

"Wapendwa," akasema, "naomba nifafanue. Kwaya ilikuja jana. Hilo halikuwa kosa. Ulikuwa mpango wangu! Niliweka ibada ya siku mbili: siku ya kwanza ni ya faragha, kwa ajili ya mjane. Siku ya pili ni ya umma. Kalenda yangu haikosei."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Hekima kubwa," akasema. Watu wakampigia makofi tena! Kifua cha Lazarus kikajaa mpaka tai ikainuka.

Hapo Mama akasimama.

Alikuwa ameketi upande wa wanawake, mbali kabisa na mkwe wake, kama inavyopasa. Akaomba maikrofoni ya pili. Wazee wote wakainua vichwa, maana waliona anamtazama nani.

"Lazarus," alisema.

Hema nzima ikavuta pumzi. Miaka kumi na moja! Shangazi Nanzala alijifunika uso kwa leso. Lazarus alirudi nyuma hatua mbili, lakini nyuma kulikuwa na kamba ya hema, na mahindi yalikuwa mbali.

"Nakushukuru," Mama aliendelea kwa upole. "Jana niliimbiwa vizuri. Kama ulipanga wewe, Mungu akubariki."

"A-amina, Mama," Lazarus alisema akitazama viatu vyake.

"Sasa, hii ya pili ni ya umma, na umma ndio huu. Wametoka mbali. Ratiba yako inasema kuna kwaya, na kalenda yako haikosei." Akaketi, akapanga vizuri leso mapajani. "Kwaya ya leo ni wewe."

Mtu anaweza kumkatalia mkewe. Anaweza kumkatalia hata mchungaji. Lakini neno la kwanza la mama mkwe wako, mbele ya watu mia tatu, utalikataa kwa mdomo upi?

Akaimba. Jamani, akaimba! Alianza juu sana, akatafuta njia ya kushuka, hakuipata. Ubeti wa kwanza ulikuwa na maneno. Wa pili ulikuwa na "mmm" nyingi. Fundi wa spika alijaribu kumsaidia kwa kupunguza sauti, kisha akaizima kabisa, na bado tukamsikia.

Alipofika kiitikio, watu wa mstari wa nyuma wakasimama. Kisha wa katikati. Kisha hema yote, mmoja baada ya mwingine.

Lazarus alifumbua jicho moja, akawaona, machozi yakamlengalenga. "Asanteni kwa kusimama!" akalia. "Asanteni! Mungu awabariki!" Akafumba tena macho, akaongeza ubeti ambao haupo.

Walikuwa wanaenda kunawa mikono. Nyama ilikuwa tayari.